Panga Kizingitini na Kiwiko cha Bujiku

Hivi wewe unayenisoma, umewahi kufungua mlango asubuhi ukakuta panga limelazwa kizingitini, limenolewa mpaka linang'aa, limeviringishwa kwenye khanga yako mwenyewe uliyoianika jana?

Mimi yamenikuta.

Na panga lenyewe nililijua ni la nani. Nitafika huko, msinikimbize.

Naitwa Bibi Kwandu. Nakaa nje kidogo ya Lagangabilili. Ukitoka kwenye zile ofisi mpya za serikali unashuka na njia ya ng'ombe, unakuta nyumba ya bati, pembeni ina jiko la tofali za udongo. Jiko halina dirisha. Shika hilo.

Darasa la saba nilimaliza, kwa hiyo haya nayaandika mwenyewe kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Kisa chote ni kiwiko.

Kiwiko cha mjukuu wangu Bujiku. Baba yake, mwanangu wa kwanza, alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Mama yake akaja kuolewa Kiloleli. Mtoto akabaki kwangu, nikamlea kwa uji na maziwa mpaka akanipita urefu.

Toka mdogo kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga. Alikuwa na mkono huyo! Anaokota bonge la udongo, analirusha, unasikia linalia hewani, kundi zima la ndege linaruka.

Siku moja mwalimu Elineema, Mpare aliyepangiwa kwenye sekondari yetu, alikuwa anapita na pikipiki. Akaona. Akasimama katikati ya njia.

"Shikamoo bibi. Huyu kijana ni wa kwako?"

"Marahaba. Ni wangu. Kaharibu nini?"

"Hajaharibu kitu. Namtaka kwenye besiboli."

Mimi nikadhani ni aina ya biskuti.

Kumbe ni mchezo. Mmoja anarusha kampira kagumu, mwingine amesimama na gongo anataka kukapiga. Anayerusha ndiye mwenye mchezo. Bujiku akawa mrushaji. Asubuhi anarusha, jioni anarusha, Jumapili tukitoka misa anarushia ukuta wa choo.

Mwanangu Mayige, baba mdogo wake, ndiye alikuwa mpiga debe. Mayige anakaa boma la jirani na langu, ukikohoa anasikia. Akikaa kijiweni Bariadi hana habari nyingine.

"Mtoto wetu anakwenda timu ya vijana Dar. Baadaye Japani. Mtanikuta nimevaa suti hapa, mtaniamkia kwa foleni."

Kisha kiwiko kikakatika.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba. Alirusha, akashika mkono, akakaa chini. Hospitali ya Mwanza wakatuambia kano ya ndani ya kiwiko imechanika. Daktari alinieleza polepole, Mungu ambariki. Alisema watoto warushaji wanaumia hapo hapo, kwa sababu wanarusha sana na mifupa bado haijakomaa. Kitanda cha pili alikuwepo kijana mwingine wa Binza, Wilbroad, naye mrushaji, naye kiwiko hicho hicho.

Wakampasua. Wakachukua kano sehemu nyingine ya mkono, wakaifunga kwenye kiwiko.

Daktari akanitazama mimi, siyo yeye.

"Bibi, asirushe kitu. Hata jiwe la ndege. Mpaka pamba ya mwakani ivunwe. Mazoezi atafanya, lakini kurusha hapana."

"Nimekusikia, mwanangu."

Nikayabeba yale mazoezi kama amana.

Kila alfajiri tulikuwa nyuma ya jiko. Nilikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikaufunga kwenye nguzo ya zizi. Yeye anauvuta polepole, anaurudisha polepole. Mimi nimekaa kwenye kigoda na rozari. Salamu Maria moja, vuta moja. Nikimaliza fungu, anapumzika. Halafu naingia jikoni kuchemsha maji ya kumkanda bega na mgongo, maana kovu daktari alikataza lisiguswe.

Kuni zetu huku ni miti ya pamba iliyokauka. Moshi wake sikuelezi. Unakaa humo ndani asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, macho yanakuwa kama ya mtu aliyelia msiba.

Basi. Macho yangu ni mekundu. Yamekuwa mekundu tangu wanangu wako wadogo.

Palizi ikapita. Pamba ikafumuka, ikavunwa. Daktari akaupima mkono, akasema haya, aanze kurusha kidogo kidogo.

Bujiku akasema mkono uko freshi.

Siku ya kurudi uwanjani, Bariadi, tulikwenda wote. Watu wa kuchagua timu ya vijana walikuwepo wamevaa kofia. Mayige alikuwa na filimbi shingoni, sijui nani alimpa.

Akarusha wa kwanza. Watu wakashangilia.

Wa pili.

Wa tatu nilisikia mwenyewe. Ka! Kama unavunja muhogo mkavu.

Bujiku alipiga magoti. Hakulia. Alinitafuta kwenye umati, akanikuta, kisha akageuza uso.

Ule uso niliukumbuka baadaye.

Mwanza wakatuambia imekatika tena, na safari hii imeondoka na kipande cha mfupa. Hawapasui tena. Mkono utapona, lakini hautanyooka, na kurusha ndiyo kumekwisha.

Tukarudi nyumbani. Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Maana hebu fikiri kama watu wa hapa wanavyofikiri. Mtoto amepasuliwa vizuri. Amekaa muda wote alioambiwa. Amefanya mazoezi yote. Daktari amemruhusu. Halafu mkono unakatika mbele ya watu, siku ile ile ya kuchaguliwa! Kuna mkono wa mtu hapo.

Jirani yangu Eufrasia ndiye alianza, kisimani.

"Mimi nilikuwa namsikia kila alfajiri. Kamkalisha mtoto nyuma ya jiko, ananong'ona juu ya ule mkono. Na vishanga ameshika."

Vishanga! Rozari ya ubatizo.

Mayige akaenda kwa mganga ng'ambo ya mto. Alirudi akapita uani kwangu, hakuniamkia. Mwanangu wa kumzaa.

Mganga alikuwa amesema mkono umeliwa na mwanamke mzee, wa mji huo huo, mwenye macho mekundu.

Kutoka hapo nilisalimia watu, wakatazama chini. "Mwangaluka!" Kimya. Wewe ambaye siyo wa Usukumani hujui uzito wake. Sisi salamu zetu ni ndefu, unaulizwa mpaka habari za ndama. Kunyimwa salamu ni kuambiwa umeshakufa, bado kuzikwa tu. Watoto wa Eufrasia wakiniona wanakimbia.

Bujiku alikuwa amelala ndani, ameelekea ukutani.

"Mjukuu wangu, unasikia wanayosema?"

"Nasikia."

"Na wewe unasemaje?"

Akavuta shuka mpaka kichwani.

Asubuhi iliyofuata nikakuta panga.

Wazee wenzangu wa mikoa hii mnajua panga la namna hiyo maana yake nini. Nimewazika wawili niliokua nao, hawakufa kwa ugonjwa. Nikakaa pale pale kizingitini. Nikaligeuza. Mpini wake umeviringishwa mpira wa baiskeli, na fundo limefungwa kwa chini.

Fundo lile nilifunga mimi.

Mayige aliniletea mpini umepasuka, nikauviringisha kwa kipande kilichobaki cha ule mpira wa mazoezi.

Sikupiga kelele. Nikaikunja khanga yangu, nikavaa viatu vya kanisani, nikalibeba lile panga mpaka kwa Ngassa, kamanda wa sungusungu.

"Kamanda, itisha watu. Kama ni kuniua waniue mchana, huku mnaona."

Tulikutana mbele ya ghala la pamba. Watu walijaa. Niliwekewa kiti peke yangu katikati, kama biashara inayonadiwa.

"Myatazame hayo macho!" Eufrasia akasema. "Mtu mwema ana macho hayo?"

"Kama taa za nyuma za fuso!" kijana mmoja akadakia. Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka.

Mwalimu Elineema akasimama. Akaeleza kano, akaeleza mfupa.

"Mwalimu, wewe ni wa kuja," akakatizwa. "Ukihamishwa unatuachia mchawi wetu."

"Jamani, daktari alisema..."

"Daktari alisema kimepona! Nani amekikata tena?"

Mwalimu akakaa chini. Swali hilo hata mimi lilikuwa linanisumbua.

Ngassa akanigeukia. "Mama, wakati unavuta ule mkono ulikuwa unasema nini?"

"Salamu Maria."

"Mchawi naye anasali!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wakaanza kusogea. Nilisikia vumbi la miguu yao. Nilishika rozari, nikafumba hayo macho wasiyoyataka.

"Nilirusha Binza."

Sauti ilikuwa ndogo. Nikafumbua. Bujiku alikuwa amesimama pembeni ya ghala, mkono umefungwa shingoni, amekuja peku.

"Sema kwa nguvu," Ngassa akamwambia.

"Nilirusha Binza! Kwenye mechi, wakati wa palizi. Nilikuwa sijaruhusiwa. Mkono ulianza kuchanika siku ile, siyo Bariadi. Bibi hajui kitu."

Waliokuwa wanasogea wakasimama.

"Binza ulikwenda na nani?"

Bujiku akamtafuta mtu kwenye umati. Akampata.

"Baba mdogo, si useme. Ulinipeleka na pikipiki. Ulinishikia begi."

Mayige alikuwa bado na ile filimbi shingoni. Akaishika.

"Siku ile alirusha vizuri," akasema. "Hakulia. Niliuliza, akasema uko freshi. Sasa mimi ningejuaje?"

"Nilidanganya," Bujiku akasema. "Uliniuma kuanzia siku ile. Kila nilipouvuta mpira kwa bibi ulikuwa unauma, nikawa nang'ata kola ya shati. Hata kwa daktari niling'ata."

"Na kilichokupeleka kurusha ni nini?"

"Wilbroad aliweka video anarusha. Nikaona ameshapona, atachukua nafasi yangu ya Dar." Akafuta pua kwa mkono mzima. "Kumbe ni video ya zamani. Ya kabla hajapasuliwa. Alikuwa anajifariji tu, na yeye amelala kwao."

"Na bibi yako anaitwa mchawi, ulinyamaza?"

"Niliogopa. Nilikuwa nasubiri baba mdogo aseme kwanza."

Wote wakamgeukia Mayige.

Ngassa akaliinua panga juu. "Na hili la nani?"

Nikasema, "Mpini wake niliufunga mimi. Mwenye nalo anajua."

Mayige alitoka kwenye umati. Hakunifikia. Akachuchumaa hatua chache kutoka kwangu.

"Mayu," akaniita. Ndivyo tunavyomwita mama. "Niliweka ili uogope. Nilisikia vijana wanapanga kuja. Nikasema ukiliona utakimbilia Kiloleli kwa mama yake Bujiku, utabaki hai."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

Akaizungusha filimbi vidoleni.

"Mayige. Binza ulikuwepo. Ulijua mtoto amerusha. Na bado uliamini ni mimi?"

Nimezaa watoto, nimezika mume, nimezika mwana. Sijawahi kusikia kimya kizito kama kile.

Ndugu zangu mnaosoma, nina mawili tu ya kuwaambia, niliyoyapata kwa gharama kubwa. Mtoto wako akiumia, muulize yeye, kaa naye mpaka aseme, na umwambie mapema kwamba hata asiporusha tena utampikia uji ule ule. Sisi wote tulikuwa tunauliza habari za mkono. Hakuna aliyeuliza habari za Bujiku, hata mimi niliyekuwa nakaa naye kila alfajiri. Na la pili, ukimwona mama mzee ana macho mekundu, kabla hujafikiri lolote, nenda katazame anapopikia.

Bujiku yupo. Mkono wake umebaki umekunjika kama mpini wa kikombe. Ndege wa mpunga anawafukuza kwa debe bovu. Wilbroad alisubiri muda wake, ameanza kurusha kidogo kidogo, na Bujiku humwandikia kila siku: usifanye haraka. Wapo watu ambao salamu zao bado hazijanirudia.

Lakini siku ile pale ghalani haijaisha, nimalizie.

Wazee waliteta pembeni, wakarudi. Ngassa akatangaza kwamba Mayige atatoa ng'ombe, ng'ombe wa maana, siyo ndama. Halafu akaniinamia, akaniamkia vizuri, salamu nzima mpaka mwisho wake.

"Mama, ng'ombe ni adhabu yetu. Wewe mwenyewe unataka nini? Sema, kijiji kizima kinasikia."

Nilifikiri hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, si baba yangu, si mume wangu. Na jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa bibi harusi, nimekaa nalo kwenye moshi miaka yote hiyo.

Nikanyoosha kidole kwa mwanangu, kisha kwa lile panga.

"Nataka dirisha jikoni. Na alitoboe Mayige, kwa panga hilo hilo."