Beki Hakutolewa na Kosa Lake

Kocha wetu wa mpira wa miguu pale chuoni Annandale, huku ughaibuni, alikuwa Mkenya wa bara, nesi katika nyumba ya wazee. Mara nyingi alikuja mazoezini na sare ya kazi chini ya koti, na kabla hajasema lolote la mpira alituuliza nani hajala. Siku za mazoezi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Siku ya mechi alinyamaza. Alisema mchezo sasa ni wetu, na mchezaji anayemsikiliza kocha hawezi kumsikia mwenzake.

Alikuwa na sheria moja iliyotusumbua. Hakumtoa mchezaji uwanjani mara tu baada ya kukosea, hata kama timu nzima inamwangalia yeye kocha kwa macho ya kuomba. Mtu akitolewa hapo, alituambia, ataenda nyumbani na lile kosa, atalala nalo, na Jumatatu atarudi nalo mazoezini. Afanye kwanza jambo zuri, hata dogo, ndipo atoke.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa akiba. Beki wa kwanza alikuwa kijana ambaye wazazi wake walitoka El Salvador, mcheshi, mwenye mbio kunishinda. Msimu wote niliingia mara chache, na mama hakuwahi kuniona nikicheza. Mama anamtunza mzee mmoja kule mji wa Columbia, na Jumamosi ndiyo siku yake ndefu. Kisha, wiki ya mechi ya mwisho, binti wa yule mzee akasema atakuja kukaa na baba yake. Mama alinipa habari hiyo akiwa anasonga fufu, bila kugeuka, kama mtu anayesema kesho kutanyesha.

Niliona haya kumwambia kocha. Mama akamwambia mwenyewe. Alifika uwanjani na kitenge chini ya koti zito la baridi, akaenda moja kwa moja kwenye benchi letu, akaeleza kwamba amekuja kumwangalia mtoto wake na kwamba nafasi nyingine hana. Kocha akampokea kwa mikono miwili. Alimwahidi kuwa nitaingia kipindi cha pili.

Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza bao moja bila. Kocha akanituma nipashe mwili moto. Nilikimbia kando ya mstari, nikavua koti, nikasimama karibu na mwamuzi wa pembeni nikingoja mpira utoke. Haukutoka. Yule mwenzangu, beki wa kwanza, alitaka kumrudishia kipa, akaupiga kwa unyonge, mshambuliaji wao akauwahi na kufunga. Sasa ni sare, moja kwa moja.

Mwamuzi akatugeukia, tayari kwa mabadiliko. Kocha akaniwekea mkono begani.

"Kaa kidogo, kijana wangu. Saa hii siwezi kumtoa."

Nikakaa. Nyuma yetu nikasikia sauti ya mama, Kiswahili cha kwetu Kivu, wala hakuipunguza.

"Kocha, miye nilikuya kuona mutoto anacheza, hapana kuona anavaa viatu."

Kocha akageuka. "Nivumilie, mama. Huyu naye ni mtoto wa mtu."

Wachezaji wa akiba hawakuelewa neno, lakini walicheka, maana walimwona kocha ameinamisha kichwa.

Msimu wote, mwenzangu alipogusa mpira, moyo wangu ulikuwa unangoja ateleze. Sasa nilianza kuomba kinyume chake. Asipofanya vizuri, mama angerudi nyumbani bila kuniona. Na yeye alikuwa ameingiwa na woga. Mpira ukimfikia aliusukuma kwa yeyote bila kutazama. Winga wao akampita mara moja, akampita tena. Nilijikuta nanong'ona pale benchini, "Taratibu. Mwache aje." Miguu yangu ilikuwa inasogea pamoja na yake. Na saa ilikuwa inakwenda.

Winga akaja tena. Safari hii mwenzangu hakumrukia. Alirudi nyuma polepole, akangoja, akautoa mguu na kuuchukua mpira safi, kisha akaupiga nje mpaka kule magari yalikoegeshwa. Benchi lote likasimama. Kocha alipiga makofi, na makofi hayajaisha akamwinulia mwamuzi mkono.

Mwenzangu akatoka akishangiliwa. Alinishika shingo, akagusanisha paji lake na langu, akanionya kwa Kiingereza kwamba winga yule hupenda kukatia ndani. Nikaingia.

Muda uliobaki ulikuwa mdogo, na mechi iliisha sare. Kocha alikwenda kumwomba mama radhi. Mama akamjibu kwamba hata yeye, mzee wake akimwaga supu, hamwondolei bakuli. Humwacha kwanza ashike kijiko tena. Wakacheka pamoja, watu wa kazi moja, wakaanza kuulizana habari za zamu na migongo inayouma, na mimi nikasimama kando nikitetemeka kwa baridi.

Njiani kurudi Herndon mama aliniuliza niligusa mpira mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Akasema yeye alihesabu tatu.

"Ule mwingine niliurusha tu kwa mikono, mama."

"Na mikono ni ya nani?" akasema, akawasha indiketa, tukaingia barabara ya kwetu.