Nilimwambia Mke Wangu Ni Mtandao

Kosa ni langu, na leo simsingizii mtu. Miezi saba sasa naishi peke yangu hapa Migori, na sijawahi kumwambia yeyote kwa nini.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nilitengeneza mfumo wa kliniki za akina mama, unaotuma vikumbusho kwa simu kadiri mimba inavyokua. Zamani data ilikaa kwenye majedwali yaliyounganishwa. Ukifuta mimba moja, vikumbusho vyake vyote vinaondoka nayo. Kisha tukahamia ghala jipya linaloweka kila rekodi kivyake, ili kliniki za kisiwani Mfangano zifanye kazi hata mtandao ukipotea.

Nilipaswa kuandika programu upya. Nikaona uvivu. Ile niliyoizoea, iliyotengenezwa kwa ajili ya majedwali, nikaitia viraka mpaka ikakubali kuongea na ghala jipya.

Mwenzangu Achieng' aliniuliza, "Lakini hii kitu inajua nani ni wa nani? Ukifuta mimba moja, si vikumbusho vyake vitabaki? Umetest?" Nikamcheka. Nilijiona mjuaji sana.

Mke wangu alikuwa mmoja wa akina mama waliopokea vikumbusho hivyo. Mimba ikatoka. Nilifuta rekodi ya mimba hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani namkinga.

Wiki tatu baadaye, tukinywa chai asubuhi, simu yake ikalia, ujumbe umeingia: Mama, mtoto wako sasa anasikia sauti yako. Ongea naye.

Akausoma mara mbili. "Jaoda, mume wangu, si hii ni ya kazi yenu?"

Mungu wangu! Ningesema tu ndiyo, nisamehe. Nikasema ni mtandao, ujumbe wa zamani umechelewa. Siku nne baadaye ukaja mwingine. Hapo nikasema ni Achieng' ameharibu mfumo.

Basi akampigia Achieng', naye akamweleza yote. Jioni hiyo nilimkuta anafunga nguo, anarudi kwao Ndhiwa.

"Hizo message ningesamehe," aliniambia. "Lakini mimi nalia huku, na wewe unatafuta mtu wa kusingizia."

Mfumo niliurekebisha kwa mchana mmoja. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo. Nyumbani naongea na redio, na mtoto yule bado sijamlilia na mtu.

Wewe unayetia viraka kitu kinachogusa watu, kijaribu kabla hakijawafikia. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado una wa kumwambia. Mimi nawaambia ninyi nisiowajua, kwa sababu yeye hapokei simu yangu tena.