Spika Nyuma ya Kitambaa

Mke wangu alipozikwa, ukuta wa chumba cha sinema ulikuwa umepakwa rangi nyeusi nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado krimu, kama nyumba nzima. Wageni wa matanga walipopungua nilichukua brashi nikaendelea pale nilipoachia. Sikuwa na sababu nyingine ya kuamka.

Watu walidhani nimerukwa na akili. Mtu akija kutoa pole, akipita pale mlangoni na kuona ukuta mweusi tititi, ananiangalia mimi, anaangalia ukuta, halafu anakaa na kuzungumzia bei ya majani chai. Sikuwaeleza. Mimi ni mtu wa mashine za kiwanda cha chai, na nilikuwa nimechoka na watu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ukiniletea chakula nakula, ukiniondolea sahani sioni.

Lakini ukuta haukuwa na uhusiano na msiba. Nyuma ya skrini ya sinema niliyonunua ukuta lazima uwe mweusi. Kitambaa chake kina vitundu vidogo ambavyo ukikaa mbali huvioni, na mwanga wa projekta hupenya kidogo. Ukikuta ukuta mweupe unarudi na kuharibu picha. Vitundu vyenyewe ni vya sauti. Spika zinakaa huko nyuma, hakuna anayeziona, na mtu akiongea kwenye picha sauti inatoka palepale mdomo wake ulipo. Ni kama ule wavu wa kunyaushia majani kiwandani, hewa inapita na majani yanabaki.

Kuficha spika lilikuwa wazo lake. Mke wangu alikuwa na ugomvi na kila kitu cheusi chenye waya. Sebule yetu yote ilivaa vitambaa alivyoshona mwenyewe, viti, meza, redio, hata mtungi wa maji. Nilipomwambia watoto sasa wako chuoni, chumba chao nakifanya sinema, alisema hataki masanduku kwa nyumba yake, nikiyaleta atayafunika na kitambaa. Nilimcheka. Nikamwambia spika haifunikwi, itasikika kama mtu aliyefungwa mdomo. Baadaye nikajua kuna skrini iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, nikarudi kumwambia. Alifurahi mpaka kesho yake. Kila mtu aliyekuja kununua maziwa aliambiwa jinsi bwana yake alivyosoma vitabu vya mashine miaka yote, ndio sasa anakubali kwamba spika inaweza kukaa nyuma ya kitambaa.

Na tulishajua tutaonyesha nini siku ya kwanza. Video ya harusi yetu.

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka na watoto wanatembea ndipo tukaenda kanisani, kama wengi hapa kwetu. Sherehe ilikuwa kwenye hema, uwanja wa kanisa. Jenereta tuliyokodisha ilikuwa na mafuta machafu, kila mara inataka kuzima, na fundi wake amepotelea kwa pilau. Nikavua koti nikaenda nyuma ya turubai, nikainama pale nikishikilia kile kichuma cha mafuta kwa kidole. Nikiachilia, maikrofoni inakufa. Wakati huohuo mke wangu, mtu ambaye kwa mikutano ya akina mama alikuwa anakaa nyuma kabisa, alisimama akaomba kusema. Mimi nilisikia injini tu. Niliporudi na mikono ya grisi, watu walikuwa wanapangusa macho.

Nilimuuliza alisema nini. Alinicheka. "Si iko kwa video," akasema. "Utasikia."

Video ilikuja baada ya miezi, kwa DVD, na mashine yetu ya DVD ilikuwa imeshakufa. Akaifunga kwa kitambaa akaiweka kabatini. Nilipokuwa nikimsumbua alisema tutaangalia siku nitakapomaliza hiyo sinema ninayoimba kila siku. Ikawa utani wa nyumbani. Nikasahau kuharakisha. Ni nani huharakisha na mtu yuko jikoni?

Halafu akaugua, tukawa watu wa kwenda hospitali ya Longisa na kurudi, halafu siku moja nikarudi peke yangu.

Hakuniachia sauti mahali pengine. Alitumia simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na mtu akimwelekezea simu kubwa alijifunika leso. Siku ya mazishi kila aliyepewa nafasi alikumbuka ile hotuba ya harusi. Aliongea maneno mazuri, wakasema. Maneno gani? Mazuri. Niliwauliza wanangu, wao walikuwa wadogo, wanakumbuka keki. Nilimuuliza pasta. Mazuri sana, akasema, ya kujenga. Nilitamani kumtoa nje. Watu mia kadhaa walimsikia mke wangu akizungumza juu yangu, na mmoja tu ndiye hakusikia, na huyo mmoja ndiye anayetaka.

Ningeweza kuipeleka ile DVD kwa jirani nikaiangalia siku hiyo. Nilijua. Lakini alisema tutaiangalia mle ndani. Tena kulikuwa na jambo lingine: nikiwa bado nina ukuta wa kupaka na waya za kupitisha, basi kuna kitu alichokuwa hajaniambia bado, kinaningoja. Kwa hiyo nilifanya kazi polepole. Niliunda fremu ya mbao, nikaivuta skrini ikakaza. Spika mbili nikaziweka pembeni, moja katikati, zote mbali kidogo na kitambaa kisitikisike. Ile ya katikati ndiyo ya maneno. Nikaipandisha na kuishusha mpaka ikafika pale mdomo wa mtu aliyesimama kwenye picha ungekuwa.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kiptere, alikuja na maziwa lala na hasira. Alisema watu wanaongea. Alisema mke hajamaliza hata msimu mmoja kaburini na mimi najenga mahali pa starehe. Nilimwacha amalize. Halafu nikamwomba aende nyuma ya skrini aseme kitu, chochote, nipime sauti inavyopita.

Alizunguka akilalamika. Kitambaa kilikuwa cheupe, kitupu. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka ndani yake, karibu na wazi.

"Unanisikia?"

Niliinuka nikaenda nikaweka sikio kwenye kitambaa, pale sauti ilipotokea. Dada alipotoka alinikuta bado sikio liko pale. Alienda jikoni akapika chai, na tangu hapo hakutaja tena habari ya starehe.

DVD niliipeleka Bomet mjini ikahamishwa kwa flash. Nilimwambia mwenye duka ahakikishe picha inacheza, sauti azime, na mimi nikasimama nje. Jumamosi iliyofuata, baada ya kukamua, nilifunga mapazia. Dada akakaa kiti kimoja, mimi kingine katikati, mahali nilipopima.

Picha ilikuwa nzuri. Kanisa, watoto na maua, mimi na suti iliyonibana. Juu ya kila kitu kulikuwa na wimbo wa kwaya. Nikajiambia ni wa mwanzo tu. Keki ikakatwa, kwaya inaimba. Zawadi zikaja, kwaya inaimba. Nikajiambia wakifika kwa maneno wataitoa.

Akasimama. Akachukua maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kuku. Akafungua mdomo, na kwaya ikatoka.

Nilidhani ni waya. Niliruka nikaenda nyuma, nikagusa spika moja moja, nikabadilisha hiki na kile. Hakukuwa na kosa. Spika ya katikati ilikuwa pale nilipoiweka, na wanaume na wanawake wote wa ile kwaya walikuwa wanatoka mdomoni mwa mke wangu, wazi kabisa, bila hata kukwaruza. Mtu wa video alikuwa amefuta maneno yote akaweka nyimbo. Dada akasema ndivyo walivyokuwa wakifanya wote wakati ule, hata ya kwake iko hivyo, waliona inapendeza.

Nilirudi kukaa. Sikuwa na hasira. Nilitaka kuwa nayo, nikaitafuta, haikuwepo. Nikaangalia tu mdomo wake ukifunguka na kufungika.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Aligeuka akanyoosha mkono kushoto, nje ya picha, akaushikilia hapo huku akiendelea kuongea. Hema nzima ikageuza vichwa. Wengine wakacheka, kisha wakapiga makofi wakiwa wamegeukia huko, wakiangalia turubai, maana kwa upande huo hakukuwa na kitu kingine cha kuangalia. Nyuma ya turubai ile ndipo nilipokuwa nimeinama, bila koti, nikilaani injini.

Nilisimamisha picha. Nikamuuliza dada yangu, maana siku ile alikuwa ndani ya hema, hapo alisema nini.

Aliinuka akasogea mpaka karibu na skrini, mwanga ukamchora uso. Alisimama hapo akimwangalia mke wangu. Niliona anatafuta kwa moyo wote.

"Maneno mazuri," akasema. Kisha akaanza kulia. "Ndugu yangu, nimesahau. Aki nisamehe, nimesahau."

Nikamwambia si kitu. Nikairudisha nyuma kidogo. Kwaya ikaanza tena, na kabla mkono haujanyooka niliinuka, nikavuta kiti changu mpaka kushoto kabisa, karibu na ukuta, kule utakakoelekea, nikakaa hapo.