Buati ya Chini ya Kitanda

Saa mbili na dakika kumi za asubuhi, siku ya Jumamosi, majirani wote wa mtaa wetu wa Tshopo, Kisangani, walikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya usafi, wameinama wakikata majani ya mifereji. Tonton, mdogo wa mama yangu, aligonga mlango wangu kwa fimbo. Alikuwa amevaa abakosti yake ya kijivu, koti la heshima lisilohitaji tai, na mkono mmoja ulikuwa umekaa juu ya mfuko wa ndani. Nikajua amebeba pesa zote.

"Mwipwa, toka. Nimeomba ruhusa kwa shefu wa mtaa. Nimemwambia unanipeleka ku hospitali."

"Unaumwa nini, tonton?"

"Gari."

Maisha yake yote tonton alikuwa dereva. Alileta kahawa kutoka Buta na mchele kutoka Bafwasende, na hakuna shimo la njia hizo ambalo hakulijua. Halafu lori la magogo lilimbana ukutani, na tangu siku hiyo goti lake la kushoto halikukunjika tena. Mguu wa kulia ulibaki mzima. Nyumbani kwake lilisimama gari dogo la Kijapani, lake mwenyewe, lenye bodi nzuri na mota, yaani injini, iliyopasuka. Mota nyingine tulikuwa tumekwisha kuipata, iliyotolewa kwenye pikapu ya aina ile ile. Lakini gari lilikuwa la pedali tatu, na pedali ya embreyaji, inayokanyagwa kila unapobadilisha gia, inataka goti la kushoto. Ndipo nilipomshauri: kwa kuwa tunabadilisha mota, tubadilishe pia sanduku la gia, ambalo sisi tuliliita buati. Tuweke buati otomatiki, inayobadilisha gia yenyewe, na mguu wa kushoto ukae bure.

Aliuza pikipiki yake kwa ajili hiyo. Pesa zilitosha buati moja. Tukichagua vibaya hakutakuwa na ya pili, na yeye, aliyebeba watu na mizigo ya nusu ya mkoa, angebaki mtu wa kubebwa.

Buati za namna hiyo zilikuwa chache Kisangani. Zilikuja ndani ya magari ya wakurugenzi na ya wamisionari, na zilipokufa mafundi wengi waliogopa kuzifungua. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha mbao. Ufundi niliupata katika vitabu vya Kifaransa vilivyouzwa sokoni pamoja na karatasi za kufungia karanga, na kimojawapo kilieleza buati otomatiki vizuri sana. Nilikisoma mpaka gamba likaachana na kurasa. Nilikuwa pia nimekata kartoni kwa umbo la mgongo wa mota yetu na kuitoboa mahali pa kila bolti, ili popote tutakapokuta buati niipime papo hapo. Kwa kuulizauliza mwezi mzima nilisikia habari za mbili: moja Simi-Simi, nyingine Kabondo.

Tulikwenda kwa baiskeli yangu. Tonton alikaa nyuma, na mguu wake ulionyooka ulitoka pembeni kama mti wa kizuizi cha askari. Watu wa salongo waliinua vichwa.

"Papa, inua kizuizi, tupite!"

"Lipeni kwanza!" tonton alijibu, nao wakacheka. Lakini tulipowapita nilimsikia akishusha pumzi mgongoni kwangu.

Muuzaji wa Simi-Simi alikuwa na kibanda karibu na uwanja wa zamani wa ndege, kimejaa vipande vya magari. Buati yake aliipaka rangi ya fedha. Niliweka kartoni: matundu yote yaliangaliana. Niliingiza waya safi kwenye tundu la mafuta, nikautoa. Mafuta yalikuwa mekundu na maangavu kabisa. Kitabu changu kilisema hivi: mafuta mekundu ni afya, ya kahawia ni uchovu, meusi yenye harufu ya kuungua, sahani za ndani zimekwisha. Tonton aliuona uso wangu, akaanza kutabasamu.

"Tufungue karter ya chini," nilimwambia muuzaji nikigusa bakuli la mafuta lililo chini ya buati, "nitazame ndani."

"Citoyen, wewe ukinunua kuku unamupasua tumbo kwanza?"

"Kuku nikikosea, ninamukula. Hii siwezi kuikula."

"Mafuta umeona. Rangi umeona. Iko elfu makumi mbili, na hakuna kufungua. Kesho kutwa, lundi, mutu mwingine anakuja na makuta yake."

Tonton alinivuta mkono. "Lipa, mwipwa. Ona vile inang'aa."

Nilikuwa natazama bolti za karter. Rangi mpya ilizifunika zote, pamoja na mstari wa kiungo. Na mafuta yale yalikuwa safi kupita kiasi. Mafuta mapya yanaweza kumiminwa juu ya ugonjwa wowote. Sikusema kwamba buati ni mbaya. Sikuwa na ushahidi. Nilisema tu kwamba tuione na ile nyingine, kisha turudi. Tonton alipanda baiskeli kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake.

Kabondo alikuwako mama mmoja wa Maniema, Mwislamu, muuzaji wa mchele. Marehemu mume wake alimwendesha mkurugenzi wa shamba la kahawa. Siku moja mkurugenzi alichukua usukani mwenyewe na kugonga mti, na dereva, alipostaafu, alipewa mabaki ya gari badala ya sehemu ya malipo yake. Aliuza kila kitu kipande kwa kipande isipokuwa buati, akingoja bei nzuri, na kifo kilitangulia.

Buati ilikuwa chini ya kitanda, juu ya mbao mbili, imefunikwa kikwembe kilichokunjwa vizuri. Tuliivuta pamoja, mama na mimi. Kartoni ilikubali. Niliingiza waya, nikautoa, nikautazama kwenye mwanga wa mlango. Mafuta yalikuwa mekundu, lakini wekundu wa namna nyingine, mzito, wa kuelekea rangi ya chungwa. Haukuwamo katika kitabu. Nikanusa. Nikanusa tena.

Tonton alininyang'anya waya. "Mama! Hii ni mawese!"

"Ndiyo, ni mawese," mama alijibu kwa utulivu. "Muzuri sana, ya Isangi. Bwana aliniambia hii chuma isikauke, ikikauka itakufa na kutu. Mafuta yake ilikuwa nyekundu, ikakuwa inavuja kidogo kidogo. Alors mimi nikaenda soko kutafuta nyekundu. Kila mara ikipunguka, ninaongeza."

"Bon. Tukiinunua, tutaweka na pondu, na samaki ya moshi."

"Na muchele nitakuuzishia mimi, papa. Hapa hakuna kitu cha bure."

Tulicheka wote watatu, na mama ndiye aliyecheka muda mrefu zaidi. Lakini kicheko kilipokwisha, tonton alinigeukia. "Twende Simi-Simi, mwipwa. Watu watasema ninatembea na sufuria."

"Mama," niliuliza, "naweza kuifungua chini?"

"Fungua. Ni chuma, haina haya."

Nilitandika gunia uani, nikafungua bolti moja moja. Karter ilishuka na tabaka la manjano, limeganda kama mafuta ya jana kwenye sahani. Nilikuwa na sumaku ndogo niliyoizungushia kitambaa cheupe. Niliipitisha mara nyingi ndani ya mawese yale, nikafungua kitambaa juani. Hakukuwa na chembe ya chuma. Nilisugua chini kwa kidole kutafuta unga mweusi wa sahani zilizoungua. Kidole kilitoka cha manjano. Na juu, ndani ya mwili wa buati, hakukuwa na kutu hata mahali padogo. Mawese hayakuwa ya kuendeshea gari, lakini kazi aliyoagizwa mama aliifanya.

"Tonton, kule tumeona rangi. Hapa tumeona tumbo."

"Na hiyo mafuta ya kupika itatoka?"

"Nitaifungua yote na kuiosha kipande kwa kipande. Itachukua wiki kadhaa."

"Na ikikufa?"

"Nitakusukuma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mahali utakapotaka kwenda."

Tonton alikaa kwenye kiti cha mama, mguu umenyooka mbele yake, akautazama kwa muda. Mama alimletea maji. Akamwuliza kama gari hilo litatembea kweli, au kama tunataka kuuza vipande tena.

"Litatembea, mama. Mimi mwenyewe nitaliendesha." Alisema hivyo kwanza, kisha ndipo akatoa pesa. Sidhani alikuwa amekata shauri kabla ya kujisikia akilisema neno hilo.

Niliosha buati kwa petroli ya taa. Wiki zile ua wangu ulinuka kama jiko la harusi, na majirani walipita kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Mafuta halisi yalitoka kwa mfanyabiashara aliyeyaleta kwa ndege, na kila kopo lilikuwa ghali kuliko lita nyingi za mawese.

Siku ya kujaribu, tonton aliketi kwenye usukani, mguu wa kushoto umewekwa kando juu ya mto mdogo. Mota iliwaka. Akasogeza mkono wa gia kwenye alama ya kwenda mbele. Gari halikwenda. Nilihesabu moyoni, nikaona mikono yake ikishika usukani kwa nguvu zaidi, na midomo yake ikifungwa. Kisha kitu kilishika chini yetu, gari likatikisika, likaondoka taratibu kuelekea barabarani. Tonton hakupiga kelele. Alipiga honi, kwa heshima, kama mtu anayesalimia.

Asubuhi za baridi gia ya tatu ilichelewa kuingia, na sikuweza kuiponya kamwe. Buati ya Simi-Simi ilinunuliwa na mtu mwingine, na mpaka leo sijui ilikuwa na nini ndani.

Ijumaa iliyofuata tulipita Kabondo. Mama alitoka na shela yake nyeupe, akakaa kiti cha nyuma, na tonton akamzungusha mjini. Tuliporudi mlangoni kwake alishuka, akainama kwenye dirisha la dereva.

"Marehemu alikuwa anaenda polepole kuliko wewe, papa."

"Mimi nimekawia, mama. Niko na njia nyingi za kurudia."

Na kweli alizirudia. Alikwenda shambani kwake upande wa Masako, alikwenda kuwasalimia watu aliokuwa hajawaona tangu aumie, na siku nyingine alikwenda tu mpaka daraja na kurudi. Mama tulimlipa zaire elfu tisa. Mafuta, viungo vya mpira na petroli ya taa vilitugharimu elfu nne na mia nane. Tukilinganisha na bei ya Simi-Simi ya elfu ishirini, tuliokoa zaire elfu sita na mia mbili, na tonton aliziunguza zote kwa esanse ya kutia garini kabla ya mwezi kwisha.