Kigoda cha Mgeni

Hapa Musoma kuna ukuta wa uwanja ambao vijana wameujaza michoro ya rangi za kopo: samaki, ng'ombe, nyuso za watu. Nilikuwa nimesimama kuutazama, mchoraji mmoja akatikisa kopo lake na kupuliza. Ile harufu ikanirudisha Bunda, nyumbani kwa Bibi.

Siku moja nikiwa mdogo, Bibi alikuwa shambani, kwenye pamba. Ukuta wa nyumba alikuwa ameusiriba juzi yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Akaja bwana mmoja wa idara ya barabara na kopo la rangi nyekundu. Nikamletea kigoda, maana Bibi alisema kila siku, "Mgeni hasimamishwagi." Hakukikalia. Alikipanda, akachora mistari miwili iliyopishana, mikubwa kuliko mimi. Nilikuwa sijaanza shule, hata alama ya kosa siijui. Nikampigia makofi.

Bibi aliporudi aliigusa ile rangi, kidole kikatoka chekundu.

"Hii ni ya kubomolewa," alisema. "Barabara inapita hapa. Alifikaje huko juu?"

Nikamwonyesha kigoda.

Hakunigombeza. Alikoroga udongo, akausiriba juu ya alama, mimi nikimletea maji. Kila ulipokauka, wekundu ulijitokeza tena. "Leta mengine," alisema, nami nikaleta, mpaka ndoo ikakauka.

"Dada, samahani," mchoraji wa pale uwanjani aliniita. "Nisogezee hicho kigoda, sifiki juu."

Nikamsogezea.