Mizizi ya Mangungu Pale Simi-Simi

Nilivuka mto kwa sababu ya chikwanga, mkate wetu wa muhogo. Askari walichoma ukingo wa mto pale Simi-Simi, ati adui asijifiche, na mangungu, majani mapana ya kufungia chikwanga, yakaisha. Mama akaanza kufungia chikwanga zake katika plastiki. Tulizila zikinuka ndoo mpya. Siku ya tatu nikajiandikisha kwa vijana wa parokia waliojitolea kurudisha mimea ya ukingo. Mimi, ambaye darasani naitika "présent" kwa sauti ndogo mpaka mwalimu aulize tena!

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Wenzangu walibaki kuchimba mashimo. Mimi na Tonton Bosele, mvuvi, tukapanda mtumbwi kwenda kutafuta mbegu. Katikati ya mto bunduki zikalia mbali. Nikaacha kupiga kasia.

"Ile haituiti sisi," Tonton akasema. "Piga maji, mutoto."

Ng'ambo, saa tatu. Mama Anifa, mwenyeji wetu, alitupeleka kwenye kijito nyuma ya nyumba yake. Nikavuta mmea kwa nguvu.

"Weye! Unang'oa sawa muhogo?" akacheka. "Kata kipande cha muzizi chenye jicho, pale panachipuka. Mama yake muache alale mu udongo."

Tukajaza vipande katika vitunga viwili, majani yakining'inia nje.

Saa nane tulirudi Simi-Simi. Askari mmoja alitungoja ufukweni na panga.

"Majani yote hii? Mutu muzima anajificha humu! Tupa kwa maji."

Tonton akaanza kuomba pardon. Mimi nikakumbatia kitunga.

"Hatutupi. Chikwanga unakula, chef, tutaifunga na nini?"

"Muone huyu! Sauti ya panya, kichwa ya mbuzi." Akanitupia panga. "Bon. Kata majani yote, hata moja isibaki. Vijiti vyako, kapande."

Nilikata huku machozi ya hasira yakinitoka. Askari alipoondoka ameridhika, Tonton alikuwa ameuma mdomo asicheke.

"Ata asingesema, tungekata. Mangungu inapandwa bila majani. Ikibaki nayo inakauka."

Tukapanda vipande vyote kwenye majivu ya ukingo, kabla ya jua kushuka.

Nimejifunza hivi: mama zetu wamekata majani hayo tangu zamani, nayo yanarudi, kwa sababu uhai wake uko chini. Askari arudi na panga lake, akate. Akitaka kuimaliza mangungu, apige magoti kwenye tope, achimbe jicho moja moja. Sisi tutakuwa nyuma yake, tunapanda.