Jembe la Kwanza

Kwetu Butiama, katika boma la mume wangu, hakuna mtu aliyegusa shamba kwa jembe kabla ya mama mwenye boma. Hata kama mvua inamwagika na majirani wameshamaliza, wewe mke wa mtoto unakaa unamsubiri mama mkwe. Akishachimba shimo la kwanza na kutia mbegu yake, ndipo na wewe unapanda. Ndivyo nilivyoikuta nilipoolewa, na sikuuliza.

Mama mkwe wangu alikuwaga na mti wake wa maua mekundu nyuma ya zizi. Mti ukitoa maua, anashusha masuke ya mtama aliyoyaning'iniza juu ya mafiga, yameiva kwa moshi mpaka hakuna mdudu anayeyataka, anayapukusa, anakwenda shambani. Siku chache baadaye mvua inaanguka. Miaka yote niliyoishi naye sikumwona akikosea. Alipofariki, jembe likaja kwangu, na mbegu, na mti.

Nikawa nasema hivi: Mungu habadiliki, basi na mvua yake haibadiliki. Niliisema hata kwenye jumuiya, nikaona nimesema neno la imani.

Halafu ukaja mwaka mti ukatoa maua, nikapanda, jua likachoma kila kitu. Nikasema ni majaribu. Mwaka uliofuata mke wa mwanangu, ambaye nilikuwa nalima naye kwa sababu mume wake anafanya kazi Musoma, aliniambia kwa adabu kwamba redioni wamesema mvua itachelewa, tusubiri kidogo. Nilimjibu vibaya. Nilimuuliza hiyo redio ndiyo iliyomlea mume wake? Nikapanda, na yeye akapanda kwa sababu mimi nimepanda. Mtama ukaota mzuri, kijani kabisa, kisha ukajikunja kama karatasi iliyotupwa motoni. Wa kwangu na wa kwake. Juu ya mafiga yakabaki masuke ya fungu moja tu la mbegu ya mama mkwe, na nyingine kama ile sijui ingetoka wapi.

Mke wa mwanangu hakugombana. Alifunga nguo zake akaenda kwa wazazi wake Kabasa, pale Bunda, akaanza kuuza nyanya, maana watoto lazima wale.

Mwanangu akaja. Alisema amenijengea chumba kule Buhare, mjini Musoma, kina saruji, kina taa. Shamba atalikodisha kwa mtu mwenye trekta. Nikamwomba msimu mmoja. Akafikiri, akasema, "Mmoja, mama. Ukiungua huu, unapanda gari na mimi, na hatubishani tena." Nikakubali. Nilijua mtu wa trekta akishaingia, mipaka aliyotuonyesha baba mkwe haitaonekana tena, na mimi nitakufa nikinunua unga dukani.

Kabla ya msimu alinipeleka Musoma nikaangaliwe macho. Nikakaa kwake wiki mbili. Siku moja nikashuka ziwani upande wa Kamunyonge, nikitafuta jiwe nililokuwaga nafulia nguo nilipokuwa msichana, nikiishi kwa shangazi yangu. Jiwe kubwa, tulikuwa tunakaa juu yake watu wanne. Sikuliona. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniambia ziwa lilipanda, likameza na njia, jiwe liko chini huko na samaki. Nikasimama pale nimeshika viatu. Hata ziwa lilikuwa halijakaa pale nilipoliacha.

Jumapili nikaenda misa. Kila kitu kilikuwa kigeni. Kinanda cha umeme, vijana wanaimba wimbo nisioujua, maneno yanapita kwenye ukuta kwa taa, na mimi macho yenyewe ndiyo yale. Nikakasirika kidogo, sidanganyi. Halafu tukafika Baba Yetu. Nikafumba macho. Na yule niliyekuwa naongea naye alikuwa ni yule yule. Ni yule niliyemwita nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza kando ya barabara ya kwenda Bunda, gari limekwama kwenye tope. Ni yule niliyemwita siku tunamzika mume wangu na mdomo wangu hautoi maneno. Sauti ya kinanda haikumgeuza. Jiwe kuzama halikumgeuza.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na nililiona lote kwa mara moja. Sikuwa nimemtegemea Mungu miaka ile miwili. Nilikuwa nimeutegemea mti. Mti ni kiumbe kama mimi, unachoka, unachanganyikiwa na jua. Yeye hakuniahidi popote kwamba maua yatafika tarehe ileile. Nilimvalisha nguo za mama mkwe wangu, halafu nikamlaumu kwamba hazimtoshi.

Sikurudi Butiama moja kwa moja. Nilishuka Bunda, nikaenda Kabasa kwa wakwe zangu. Kwetu mama wa mume haendi hivyo, mikono mitupu, bila kutuma mtu mbele. Mama mkwe mwenzangu aliponiona mlangoni alidhani nimeleta habari ya kifo. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni kiburi changu tu, na chenyewe bado kinapumua. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mke wa mwanangu akaja kutoka sokoni, akapiga goti kunisalimu. Nikamwambia, "Simama. Nimekuja kukuchukua. Mwaka huu jembe la kwanza ni lako."

Akaniangalia sana. "Na mti je, mama?"

"Mti ubaki na maua yake."

Tukarudi wote, yeye na watoto na redio yake ya betri. Mti ukatoa maua, mekundu kuliko miaka yote, kama unanitania. Ikanyesha mvua ya siku mbili, majirani wakatoka na mbegu. Mmoja akapita njiani akauliza kama siku hizi boma letu linaongozwa na betri. Mikono iliniwasha. Kila asubuhi niliyagusa yale masuke juu ya mafiga, nasali, nayaacha palepale. Mke wa mwanangu alisema bado, na mimi, mtu mzima, nikatii. Jua likarudi, mbegu za majirani zikafa ardhini.

Ilipoanza mvua yenyewe, alinifuata jikoni akasema leo. Nikamkabidhi mbegu mkononi. Akachimba shimo la kwanza, mimi nikasimama nyuma yake kama mke wa mtoto, nikasubiri. Kisha nikachimba la pili.

Mtama ulitupita vichwa. Masuke yaliinama mpaka tukawa tunafukuza ndege kutwa nzima kwa madebe na makelele, na sauti ikanikauka kwa furaha. Yule jirani wa betri alikuja kuomba mbegu ya mwakani. Tulimpa.

Mwanangu alikuja wakati wa kuvuna, amevaa viatu vya mjini. Alituita kutoka njiani, hakutuona, tumefunikwa. Nilipotoka aliniuliza, taratibu, afanyeje na kile chumba cha Buhare.

"Fuga kuku," nikamwambia. "Na vua hivyo viatu, kuna magunia ya kubeba."

Akabeba. Jioni mke wake alisonga ugali wa mtama mpya, na kwa desturi yetu nikaonja kwanza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, yule yule, hajaongezeka wala kupungua. Kisha nikachagua masuke mazuri kuliko yote, nikampa mke wa mwanangu ayaning'inize juu ya mafiga. Yeye ni mrefu kuliko mimi, na mikono yake inafika.